Konokono wa ndoo na konokono wa bustani

Mshauri, salamu kutoka Bugembe, Jinja.

Mwanangu wa miaka tisa anafuga konokono. Alianza na sita aliowaokota chini ya migomba mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, akawatia kwenye ndoo tupu ya rangi, ile ya lita 20, yenye kifuniko tulichokitoboa kwa msumari. Chini kuna udongo mwekundu wa uani, kimo cha vidole viwili. Anawapa posho (ugali) iliyobaki, dodo (mchicha) na maganda ya matoke. Kila Jumamosi anaiosha ndoo kwa sabuni ya unga. Ndoo inakaa barazani.

Walipokuja, magamba yao yalikuwa ya rangi ya maziwa, yenye michirizi ya kahawia iliyosimama kama ndimi za moto, na urefu wa kidole gumba. Sasa ncha zimekuwa nyeupe kama chaki, zinamenyeka, na mmoja ana tundu. Wawili wamekufa. Juzi nimekuta vijiyai vyeupe ndani ya udongo, vingi, na sijui nivifanye nini.

Jirani anasema konokono ndio wanaoleta kichocho, nitupe ndoo yote. Baba mtoto naye ana lake: nakati, mboga ya majani niliyoipandikiza, imeliwa usiku mpaka ikabaki mishipa, sasa anataka tumwage chumvi bustanini, na chumvi ikishindwa anunue dawa ya vidonge vya bluu. Mtoto analia. Naomba jibu lenye vipimo, si la "jitahidini".

Mama wa Ndoo

*

Mama wa Ndoo, umeandika karibu kila kitu nilichokihitaji, kwa hiyo na mimi sitakata maneno.

Nianze na jirani. Kichocho kinapitia kwa konokono, hapo hajakosea. Aliyemkosea ni konokono mwenyewe. Wanaobeba minyoo ya kichocho ni wa maji baridi. Yuko Biomphalaria, mdogo, bapa kama kamba iliyoviringishwa mezani, anayeshika majani ya ukingoni mwa Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Mto Nile. Huyo ndiye wa kichocho cha tumbo. Yuko na Bulinus, aliyechongoka, wa kichocho cha mkojo, ambacho hapa Uganda kinajulikana zaidi upande wa Lango, kaskazini mwa nchi. Mayai ya minyoo hufika majini na kinyesi au mkojo wa mtu. Kinachoanguliwa humtafuta konokono, huongezeka ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha vijidudu hutoka mchana na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua. Konokono wa migombani haishi majini, akitumbukia anakufa, na mnyoo wa kichocho hana kazi naye. Kwa hiyo sharti langu ni moja: mtoto asilete nyumbani hata konokono mmoja wa ziwani au wa mtaroni, hata awe mzuri vipi. Na wagawaji wa prazikwanteli, dawa ya kichocho, wakifika shuleni, ameze, maana kwa mtoto wa Jinja hatari iko kwenye kuogelea.

Usafi wa mikono ni jambo jingine. Konokono hutambaa juu ya kinyesi cha panya, na katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki wamejulikana kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambaye mtu akimla pamoja na konokono mbichi au mboga isiyooshwa hufika mpaka kwenye ubongo. Mtoto anawe kwa sabuni kila akimaliza kuwashika, asiwatembeze usoni, na mboga ya bustanini ioshwe jani kwa jani kwa maji yanayotiririka. Hayo yanatosha.

Sasa magamba, ambako ndiko kwenye kesi.

Gamba la konokono karibu lote ni kalisi kaboneti, kitu kile kile cha ganda la yai na cha mawe ya Tororo yanayosagwa kuwa saruji. Juu yake kuna ngozi nyembamba sana inayozuia asidi isiifikie chokaa. Udongo mwekundu wa kwenu, kama ulivyo sehemu kubwa ya kusini mwa nchi, umeoshwa na mvua tangu zamani: una asidi, na chokaa yake ni kidogo. Konokono anayeishi juu yake hapati chokaa ya kujengea, na ile aliyo nayo inaliwa polepole pale ngozi ilipokwaruzika, ndiyo maana ncha, ambayo ni sehemu kongwe kuliko zote, huanza kuwa chaki. Ongeza sabuni ya unga kila Jumamosi. Halafu linakuja lile ambalo watu hawalioni kwa sababu hutokea usiku: konokono mwenye njaa ya chokaa hupanda mgongoni mwa mwenzake na kumparua gamba kwa ulimi wake, ambao una vijino vingi kama tupa. Tundu uliloliona nadhani limechimbwa na mwenzake. Na wale wawili waliokufa mimi nawahesabu kwa sabuni.

Ncha iliyomenyeka hairudi. Konokono hurefusha gamba mdomoni tu, pale anapotokea, na kwingine huongeza unene kwa ndani. Kwa hiyo msiangalie ncha, mtakata tamaa bure. Angalieni ukingo wa mdomo.

Dawa yake haina gharama. Chukua maganda kumi ya mayai, yachemshe dakika kumi, yakaushe juani, yatwange kinuni mpaka yawe unga, yachekeche kwa chujio la chai. Weka kifuniko cha chupa kilichojaa unga huo ndani ya ndoo, na kisiwe kitupu siku hata moja. Konokono anajipimia mwenyewe. Kumnyunyizia juu ya mboga peke yake hakutoshi, kwa sababu siku asiyokula mboga anakosa na chokaa. Kwenye udongo mpya changanya vijiko viwili vya mezani vya unga huo kwa kila lita ya udongo. Kama mayai ni haba, duka la chakula cha kuku linauza magamba ya ziwani yaliyosagwa kwa ajili ya kuku wa mayai. Yaoshe, yatwange tena, yanafaa. Chokaa ya kilimo iliyosagwa kutoka kwenye mawe nayo inafaa. Ya kupaka ukuta haifai kabisa, inaunguza mwili wa konokono kama inavyounguza macho ya fundi. Zote ni nyeupe na zote huitwa chokaa, na muuzaji asipoweza kukuambia ni ipi, rudi kwenye mayai.

Yule mwenye tundu anatibika kama nyama ya ndani haijachanika. Chemsha yai, limenye, bandua ule utando mwembamba ulioshika ganda kwa ndani. Kata kipande kinachozidi tundu kwa milimita tatu kila upande, pangusa gamba kwa kitambaa chenye maji, bandika kipande kikiwa bado kimelowa. Kitakauka na kujishika, na konokono ataweka chokaa kwa chini yake. Mtenge peke yake wiki mbili ili wenzake wasimparue tena. Gundi ya aina yoyote, hapana.

Ndoo nayo tuitengeneze. Kwa konokono wanne wa ukubwa huo lita 20 zinatosha, lakini ilaze ubavu. Ikisimama, konokono hupanda mpaka kifunikoni, huteleza, na gamba jembamba huvunjika kwa kuanguka sentimita thelathini tu. Kama ilikuwa ya rangi ya mafuta na bado inanuka, iache kabisa, tafuta jerikeni ya maji uikate ubavuni. Matundu ya msumari ni madogo kwa hewa na makubwa kwa siafu. Kata dirisha la ukubwa wa kiganja kwenye kifuniko, lifunike kwa kipande cha pazia la wavu, ukifunge kwa waya. Kipande cha chandarua cha kugawiwa usikitumie. Vile vyandarua vina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo si rafiki wa kiumbe anayetambaa juu yake usiku kucha. Ndoo ikae kivulini, mbali na bati linalopigwa na jua la mchana. Joto la Jinja lenyewe linawafaa, halihitaji kuongezwa wala kupunguzwa.

Udongo uchukue chini ya migomba, ule mweusi, ndoo ndogo tatu kwa moja ya majani yaliyooza, kutoka mahali pasipowekwa mbolea ya dukani wala dawa ya magugu. Umwagie maji yanayochemka, uache upoe na kujichuja, changanya chokaa, jaza kimo cha sentimita saba au nane. Hao hujizika mchana, na hutaga ndani ya udongo. Vidole viwili haviwatoshi. Unyevu upime kwa mkono: shika konzi, kamua. Ushikane kama donge na utoe tone moja au usitoe kabisa. Ukitoa maji kati ya vidole, umelowa mno na mtaona vidudu vyeupe vikikimbia juu ya mwili wa konokono na kuingia kwenye tundu la kupumulia. Hao ni utitiri, na udongo wote ubadilishwe siku hiyo. Vijidudu vyeupe vinavyoruka juu ya udongo ni vingine, vinakula ukungu, waacheni. Maganda ya kahawa, ambayo watu wetu hutandaza kila mahali, yasiingie ndoo hiyo: yana kafeini, na mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walionyesha kwamba maji yenye kafeini asilimia 2 huua koa.

Nyunyizia maji jioni, ya mvua, au ya bomba yaliyolala usiku mzima kwenye sufuria wazi. Kila asubuhi toa kinyesi na mabaki. Jumamosi mtoto apanguse kuta kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, basi. Kila mwezi badilisha theluthi moja ya udongo badala ya wote. Na kama siafu wanapita barazani, weka ndoo juu ya kijistuli, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye tone la mafuta ya kupikia. Msipulize dawa ya wadudu mahali hapo.

Chakula. Posho haina ubaya wa sumu, ila inachacha, na ile ya sahani huja na mchuzi wenye chumvi, iondoeni. Dodo nayo, ijapokuwa kila mtu huifikiria kwanza, ina oksalati nyingi inayoishika kalisi tumboni kabla konokono hajaitumia. Mara moja kwa wiki yatosha. Ya kila siku iwe sukuma, tango, papai, boga au kiazi kitamu kibichi kilichokatwa vipande vyembamba. Maganda ya matoke wanayapenda yakiwa yameanza kulainika. Mara moja kwa wiki wape mukene (dagaa) iliyolowekwa, ikaoshwa chumvi na mchanga, ikasagwa, kiasi cha kijiko cha chai nusu kwa wote wanne, na iondoeni asubuhi kabla haijanuka. Nyanya za sokoni zenye unga mweupe-mweupe juu zimepuliziwa dawa ya ukungu. Ama zioshwe na kumenywa, ama ziachwe. Kitunguu, ndimu na chochote chenye chumvi, hapana.

Mambo mawili madogo kuhusu kuwashika. Usimvute konokono aliyegandamana ukutani. Mwili wake umeshikwa na msuli uliofungwa kwenye nguzo ya katikati ya gamba, na msuli ukichanika hauponi. Lowesha kidole, kipitishe chini yake kutoka mbele, atajiachia. Na kiangazi kikija, Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, mtawakuta wamejivuta ndani na kuziba mlango kwa utando mkavu. Hawajafa, wamejifungia. Msibandue utando, nyunyizieni maji na mngoje hadi kesho yake. Aliyekufa ananuka, na gamba lake ni jepesi mkononi.

Mayai. Kila konokono wa aina hii ni dume na jike kwa pamoja, kwa hiyo wakikaa wawili tu mayai mtayaona, na wanaweza kuhifadhi mbegu za mwenzao na kutaga muda mrefu baada ya kutengana. Usiyaache yote yaanguliwe. Kwa ndoo moja, vifaranga watano ni wengi. Yaliyobaki yatie kwenye friza usiku kucha na mchana wake, au yaponde, kisha yafukie kwenye lundo la mbolea. Fanyeni hivyo yakiwa mapya. Pekua udongo kila wiki mbili.

Kuhusu kuwaachia huru: hao wako, kwa michirizi uliyoieleza, ni Limicolaria, wenyeji wa mashamba yetu, na kuwarudisha pale pale walipookotwa hakuna madhara. Lakini ndugu akikuletea kutoka pwani ya Kenya au Tanzania yule mkubwa wa kahawia, Lissachatina fulica, ambaye gamba lake laweza kufika urefu wa kiganja, huyo asitoke ndani ya boksi, yeye wala yai lake. Hutaga hadi mayai 200 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, Marekani, na konokono watatu wa aina hiyo kutoka Hawaii. Bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wamefika zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kulichukua mpaka 1975 na zaidi ya dola milioni moja.

Nimalizie na bustani na chumvi ya mzee. Chumvi huua konokono kwa kumnyonya maji, kweli, na baada ya hapo inabaki kwenye tuta, inaua nyungunyungu, na nakati yenyewe inadumaa. Vidonge vya bluu mara nyingi ni metaldehaidi. Mbwa huvipenda kwa ladha ya nafaka na hufa kwa degedege, kuku vilevile, na nyumba yenye mtoto anayeokota okota haifai kuwa na kitu hicho. Ningemwomba baba mtoto kwanza atoke na tochi saa tatu usiku, siku mbili mfululizo, aone nani anakula. Konokono huacha ute unaong'aa. Kiwavi huacha vinyesi vyeusi kama punje za baruti. Mche uliokatwa shina usawa wa ardhi ni kazi ya mkata shina, anayelala chini ya udongo palepale. Mfukue kwa kidole. Nimeona konokono wengi wakinyongwa kwa kosa la kiwavi.

Wakiwa ni konokono kweli, elewa kwamba chakula chao kikubwa ni majani yaliyooza. Wanakula mche kwa sababu ni laini na kwa sababu uko karibu na wanapolala. Nakati iliyokomaa huwashinda. Shida ni wiki tatu au nne za kwanza. Basi pandikiza ikiwa na sentimita 12 hadi 15 badala ya ile ya majani mawili, ondoa matandazo yaliyogusa mche kwa upana wa kiganja, mwagilia asubuhi ili usiku uso wa udongo uwe mkavu. Jivu kuzunguka tuta linafanya kazi likiwa kavu, mvua ikinyesha limekwisha. Mtego bora unao tayari: kata shina la mgomba uliovunwa vipande vya nusu mita, vipasue, vilaze upande uliopasuliwa ukitazama chini, vinne kwa kila tuta. Alfajiri vigeuze, wamelala hapo. Wapeleke kwenye lundo la mbolea lililo zaidi ya mita 20, maana ukiwatupa nyuma ya ua tu, wanarudi. Kwenye lundo wana faida: wanasaga majani na kuyageuza udongo upesi.

Ukikuta pamoja nao konokono mdogo anayeng'aa, gamba jeupe na mwili wa njano au rangi ya chungwa, mrudishe bustanini kwa heshima. Jamii yao, Streptaxidae, ni wala nyama, na tunao wa aina nyingi Uganda. Chakula chao ni konokono wenzao na mayai yao.

Mtoto naye apewe kazi hapo kwenye vipande vya mgomba. Mtaalamu Denis Owen, alipokuwa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, alihesabu rangi za Limicolaria wa Uganda, na mwaka 1963 akachapisha alichokiona: walipo wachache, karibu wote wana michirizi, walipo wengi sana, wasio na michirizi, weupe weupe, huongezeka. Maelezo yake yalikuwa kwamba ndege huzoea kutafuta rangi moja. Daftari lenye safu mbili linatosha, mwenye michirizi na asiye nayo, kipande kwa kipande.

Baada ya wiki nne tazama ukingo wa midomo ya wale wanne. Ukiwa mgumu, hesabu kwamba chokaa imefika. Ukipinda chini ya ukucha, niandikie tena, unitajie udongo uliuchota wapi.